Kioo Kilichokunywa Hereni

Ukifika kwetu Sekenke na vumbi lako la dhahabu, ukauliza nani atakuchomea bila kukudokolea, hata mlevi aliyelala mtaroni ataamka akunyooshee kidole kwa Dorkas. Sisemi wachomaji wengine ni wezi. Nasema tu kwamba kuna mmoja hapa alikuwa anajikuna kichwa kila dhahabu ikikaribia, na kila jioni mkewe anamwosha nywele kwenye beseni, na yale maji hayamwagwi. Mwaka wa pili wakajenga nyumba ya bati. Jamani, mba gani hiyo inajenga nyumba?

Dorkas alirithi tanuru la mumewe miaka ishirini iliyopita, mume amefariki kwa kifua, mtoto wao Witness bado ananyonya. Wanaume walicheka, eti mwanamke achome dhahabu, si ataificha kwenye misuko. Siku ya tatu akaja amenyoa kipara. Gauni zake zote alizipeleka kwa fundi cherehani, mifuko ikashonwa midomo. Na kila akimaliza kuchoma anapanua mdomo na kuinua ulimi mteja aone, kama mtoto anayeonyesha kwamba amemeza dawa. Mwanzo walicheka na hilo pia. Baadaye wakaacha kucheka, wakapanga foleni.

Mimi ni Kristina, Mama Deo. Nauza chai na maandazi, na jiko langu na tanuru lake vimetenganishwa na bati moja lenye kutu. Moshi wake unaingia kwenye chai yangu, mafuta yangu yanarukia mkaa wake, na tumegombana na kupatana mara nyingi kuliko mtu na mumewe. Mtu akimsema Dorkas, mimi ndiye wa kwanza kusimama na mwiko mkononi. Nalisema hili sasa ili baadaye msije mkaniona mbaya kabisa.

Kazi yenyewe iko hivi. Mteja analeta dhahabu yake kwenye kikaratasi. Dorkas anaitia kwenye kikombe cha udongo, anaongeza boraksi, ule unga mweupe unaovuta uchafu, anawasha feni, mkaa unanguruma. Kikipoa, dhahabu imekaa chini, tonge moja la njano, na juu yake uchafu umegeuka kioo cha kijani kama chupa. Anapiga nyundo, kioo kinapasuka, anakukabidhi vyote. "Tonge lako hili. Na kioo chako hiki." Nani anataka kioo? Lakini kwa Dorkas lazima ukichukue. Ukikiacha atakufuata nacho njiani huku anafoka.

Sasa huyu mwanamke, aliyeishia darasa la saba kama mimi, ana udadisi wa kuchosha. Aliona kwamba kwenye kingo za vikombe vyake vikuukuu kioo kina wekundu, wekundu mzuri wa juisi ya rozela. Mimi nilisema ni kutu. Yeye akasema ni dhahabu. Nikamwambia, "Mama Witness, dhahabu ni njano, hata mbuzi anajua." Basi, safari moja akiwa Singida mjini kununua boraksi, akamuuliza Bhavesh, sonara anayefanya kazi na baba yake katika duka lao dogo. Bhavesh akamwambia kweli kabisa: dhahabu ikikatika ndogo kupita vumbi, ndogo isiyoonekana kwa jicho wala kwa lensi, kisha ikashikwa ndani ya kioo isiweze kutoka, inaacha unjano wake na kuwa nyekundu. Dorkas alirudi na habari hiyo akaniimbia wiki nzima. Nilimwambia asiwaambie watu, wataanza kudai vikombe.

Yote yangeishia hapo kama si Mzee Melkizedeki na kipaza sauti chake.

Mzee Melkizedeki ni mzee wa kanisa letu la Kilutheri, mjane, mtu safi, ila hawezi kuona kitu kimetulia asikirekebishe. Nyuma ya madhabahu yetu kuna dirisha la duara, na katikati yake msalaba wa vipande vya kioo chekundu, tangu enzi za wamisionari. Tukiwa tumebakiza miezi miwili Mkuu wa Jimbo aje kwenye jubilei ya kanisa, Mzee akaamua kipaza sauti kikae juu zaidi. Akapanda ngazi na mti mrefu mkononi. Tulisikia kishindo tukadhani ni radi. Alipogeuka, moyo wa msalaba, kile kipande cha kati, ulikuwa sakafuni vipande thelathini, na yeye juu ya ngazi anasema, "Nani ameweka dirisha hapa?"

Tulitafuta kioo chekundu Singida nzima, hakipo. Wenye maduka walitupa vya bluu, vya kijani, mmoja akatuambia tukipake rangi ya kucha. Mzee, kwa aibu, akabandika nailoni nyekundu ya kujaladia daftari. Haikuonekana vibaya, mpaka Jumapili jua lilipopiga. Pale katikati ya msalaba, kwa kalamu ya wino mzito, kanisa zima tukasoma: AMOSI, DARASA LA TATU B. Mchungaji alikuwa anauliza msalaba huu ni wa nani. Kwaya ya vijana ilishindwa kuimba, na mimi nilijifanya nakohoa mpaka nikakohoa kweli.

Kwenye kikao cha baada ya ibada Dorkas akasimama. "Mimi naweza kutengeneza kioo chekundu," akasema. "Ila kinataka dhahabu kidogo."

Neno dhahabu likitajwa kanisani kwetu, kila mtu anatazama viatu vyake. Kisha Mzee Melkizedeki akaondoka bila kuaga, akarudi na leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na hereni moja, ndogo kama punje ya mtama. Ilikuwa ya marehemu mkewe, Mama Flora. Ya pili ilipotea siku ya mazishi. "Sina kingine cha kwake kinachong'aa," akasema. "Nilivunja mimi, nitoe mimi." Akaiweka kwenye kiganja cha Dorkas mbele yetu wote, na wanawake tukalia.

Basi kazi ikaanza. Kioo cha msingi kilitakiwa kiwe cheupe kisicho na ukijani, na hapa kwetu kioo cheupe ni chupa za pombe kali. Umoja wa akina mama wa Kilutheri tukazunguka vilabu vyote na mafurushi kichwani tunaokota chupa tupu. Mume wangu Benjamin alikutana nami natoka nyuma ya baa nimebeba kumi na nne. Sikuwa na nguvu ya kueleza. Nikamwambia, "Ni za kanisa," na mpaka leo anaisimulia hiyo.

Dorkas alizisaga unga. Kwa Bhavesh alichukua tindikali ya masonara, ile inayokula dhahabu, akaitia hereni. Nilisimama pale nikaona kwa macho yangu: ilichemka vipovu, ikapungua, ikaisha. Pakabaki maji ya njano chini ya glasi, na Mzee Melkizedeki ameshika tama anayatazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Maji yakachanganywa na unga wa chupa, na boraksi, vikakaushwa, vikaingia tanuruni kutwa nzima. Mimi nilisaidia kushika feni, na maandazi yangu yakaungua kwa ajili ya Bwana.

Ijumaa, siku mbili kabla ya jubilei, alimimina kwenye kikaango cha chuma, akakifukia kwenye majivu ya uvuguvugu kipoe taratibu kisipasuke. Jumamosi asubuhi tukakusanyika. Wazee wa kanisa wanne, Mwalimu Leonard wa sayansi wa sekondari, na Mzee Melkizedeki katika koti lake la harusi. Dorkas akafukua, akapangusa kwa kitambaa, akakiinua juani.

Kilikuwa cheupe.

Cheupe pee, kama maji ya bomba siku ambayo bomba limeamua kutoa maji safi. Hakuna wekundu, hakuna hata unjano. Ungeweza kusomea gazeti.

"Subirini," Dorkas akasema. Tukasubiri. Sijui tulisubiri nini, maana kioo si chai kwamba kitakolea.

"Hereni iko wapi?" Mzee Melkizedeki akauliza.

"Iko humu, baba."

"Humu wapi?"

"Humu ndani."

Akakichukua, akakigeuza, akachungulia kwa jicho moja, akachungulia kwa jicho la pili. "Miaka ishirini tunakuamini," akasema. "Kipara, mifuko, ulimi, vyote. Kumbe ulikuwa unasubiri ya mke wangu!"

Weee! Nilisimama na mwiko wangu. Nikamwambia Mzee, kwa heshima zote, kwamba kama ana macho aliiona ikiyeyuka, na kama hana macho anyamaze, na kwamba Dorkas ni dhahabu kuliko hiyo hereni. Nilisema mengi na yote yalisikika mpaka barabarani. Wakaondoka kwenda kushauriana chini ya paa la ofisi ya kijiji, wakituambia wanarudi. Habari ikatangulia mbele yao. Vijana watatu waliokuwa kwenye foleni na vikaratasi vyao mkononi wakatazamana, wakajidai wamesahau kitu nyumbani. Na hapo ndipo nilipoogopa. Mchomaji akisemwa mara moja tu, hata kwa uongo, hakuna atakayemletea tena. Kama Dorkas angelala siku hiyo na jina la mwizi, tanuru lilikuwa limekufa, naye ana miaka hamsini na tatu, na Witness yuko chuo cha ualimu.

Dorkas alichukua ndoo akaenda kuchota maji.

Nami nikabaki na kapu lake, lile analokuja nalo kila asubuhi.

Haki ya Mungu sijui nani alinituma. Nilijiambia natafuta kibiriti. Kibiriti changu kilikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto. Nikainua kanga, nikakuta Biblia, nikaikung'uta. Nikakuta hindi la kuchemsha lililoliwa nusu, nikalitazama kati ya punje. Nikakuta kichupa cha mafuta ya mgando, nikachovya kidole mpaka chini. Hakuna kitu. Nikarudisha vyote, nikajipangusa mafuta magotini, na niliposikia ndoo inatua nikaanza kuimba wimbo wa jubilei.

Wazee wakarudi na uamuzi. Mzee Melkizedeki ndiye aliyesema. "Kiyeyushe tena. Hapa, sisi tunaona. Kama hereni imo, ishuke chini iwe tonge kama dhahabu zote. Isiposhuka, hiki kijiji kitajua."

"Baba, haitashuka," Dorkas akasema. "Imetawanyika mno. Na mkikiyeyusha, kesho hamna dirisha."

"Sitaki dirisha! Namtaka mke wangu!" Mzee akapiga kelele, kisha akashtuka mwenyewe kwa alichokisema, akatazama pembeni.

Dorkas akawasha feni. Alikuwa analia, machozi yanakauka kabla ya kufika shavuni kwa joto. Lakini hata katika hasira ile mikono yake haikujua kufanya kazi ovyo. Hakukitupa motoni. Alikilaza juu ya bati zito, akakianzisha mdomoni mwa tanuru kipashe, akakisogeza taratibu, inchi baada ya inchi, mpaka kikawa katikati ya makaa. Sote tuliinama. Mzee Melkizedeki aliinama zaidi, ndevu zikaanza kunuka.

Kwanza nilidhani ni mwanga wa makaa. Ukingo mmoja ulikuwa na rangi ya waridi. Nikapangusa macho. Ile rangi ikatembea, ikaenda katikati, ikashuka upande wa pili, na ikaanza kukolea. Waridi, kisha rozela, kisha nyekundu hasa, ya damu.

"Kinaiva!" Mwalimu Leonard akapiga yowe. "Yesu wangu, kinaiva!"

"Toa!" Mzee Melkizedeki akalia. "Mama, toa! Kisiyeyuke, toa!"

"Si umesema kiyeyuke?"

"Nimekosa! Toa, nakuomba, nakupigia magoti!" Na kweli alipiga magoti, koti la harusi kwenye mkaa.

Dorkas alikivuta kwa koleo wakati ukingo umeanza kulegea. Akakirudisha kwenye majivu, akakaa chini, akafunika uso kwa mikono. Wazee wa kanisa wanne walikuwa wanarukaruka kama wameshinda mpira.

Mwalimu Leonard alitueleza pale pale, na nitalisema kama nilivyolielewa. Tindikali iliikata dhahabu ikawa chembe mojamoja, na chembe moja peke yake ndani ya kioo mwanga unaipita bila kuijali, kwa hiyo unaona maji. Kioo kikipashwa tena kinalegea kidogo tu, basi zile chembe zinatambaa, zinatafutana, zinakaa vikundi vidogo vidogo, kama sisi wa umoja wa akina mama. Kikundi ndicho mwanga unakikuta. Kinameza ukijani, kinaachia wekundu upite. Na vikundi vikizidi ukubwa kioo kinachafuka kinakuwa na rangi ya ini, kwa hiyo Mzee alipiga magoti kwa wakati. Ilikuwa lazima kirudi motoni. Bhavesh alisahau kumwambia, na vikombe vikuukuu vilikuwa vyekundu kwa sababu vilirudi motoni kila siku. Kama Mzee asingemtukana Dorkas, tungekaa na kioo cheupe mpaka leo.

Mzee Melkizedeki alivua kofia. "Mama Witness, nimekukosea mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu."

Dorkas akafuta uso. "Baba, wewe uliniita mwizi nakutazama. Hilo limekwisha. Kaa, unywe chai." Kisha akageuka. "Kristina."

Hakuniita Mama Deo.

"Ulipata nini kwenye kapu langu?"

Nilikuwa na majibu kumi. Kibiriti. Panya. Upepo. Nikafungua mdomo na likatoka la kumi na moja. "Hindi," nikasema.

Wazee wakacheka mpaka wakashikana. Dorkas hakucheka.

"Kanga yangu naikunja mara nne. Nimeikuta mara mbili. Na mafuta yangu yana shimo la kidole." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hawa wote wana haki ya kunishuku, nawachomea tu, sijala nao. Wewe ulimbeba Witness siku ya ubatizo."

Aibu niliyoisikia sitaki hata adui yangu aisikie. Nilitetea watu wakasikia mpaka barabarani, na moyoni nilikuwa namwita mwizi kama wenzangu. Afadhali hata Mzee, yeye alikuwa na uchungu wa mkewe. Mimi nilikuwa na nini? Machozi yakanitoka.

"Nilikushuku," nikasema. "Nilitafuta mpaka ndani ya hindi. Niambie nifanye nini."

Akafikiri. Akanitazama mkono wa kushoto, akanyoosha kiganja.

Pete yangu ya ndoa ni dhahabu ya hapahapa. Benjamin alifukua miezi saba kuipata, na tangu tufunge ndoa haijawahi kutoka, maana mimi nilinenepa na yenyewe haikunenepa. Tulivuta. Tukaweka sabuni, haikutoka. Tukaweka mafuta ya maandazi. Mzee mmoja wa kanisa akanishika kiunoni, Mwalimu Leonard akavuta kidole, na ilipochomoka sote tulianguka juu ya unga wangu wa maandazi. Nikaiokota nikaiweka kwenye kiganja cha Dorkas, mbele ya wazee wanne, mwalimu, na vijana wa foleni waliokuwa wamerudi na vikaratasi vyao.

Akakunja ngumi. Akasimama, akachukua kapu lake, akaenda zake nyumbani, hakusema asante wala kwa heri.

Jubilei ilifana, na Mkuu wa Jimbo alikitazama kile kioo mpaka akapoteza mahali alipokuwa anasoma. Dorkas Jumatatu alikuwa tanuruni kama kawaida, akanisalimia, akaninywea chai, akalalamika ina moshi. Kuhusu pete hakusema neno.

Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile. Benjamin aliniuliza mara moja, tukiwa tunakula.

"Pete yako iko wapi?"

"Iko kwa Dorkas."

"Ameazima?"

"Hapana."

"Ameiyeyusha?"

"Sijui."

Akaacha kijiko. "Na wewe hujamuuliza?"

Sijamuuliza. Kila asubuhi anapita mbele ya jiko langu na kapu lake mkononi, analiweka hatua mbili kutoka miguuni mwangu, anaenda kuchota maji, na anakaa huko muda mrefu kuliko ndoo inavyohitaji. Mimi kapu siligusi, nasukuma maandazi yangu.